Majibu ya damu ya baba nimeyaficha kwenye droo, kaka anasema tujiandae

SWALI

Shikamoo dada, pole na kazi. Nakufuatilia siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imenibidi mana usingizi umekata kabisa.

Baba yangu ana miaka 64, figo zilifeli mwaka juzi kwa ajili ya sukari na presha, sasa yuko dayalisisi mara tatu kwa wiki. Alikuwa na fistula mkononi, ile mishipa waliyomuunganishia ya kupitishia damu kwenda kwenye mashine, ikaziba, ndo wakamwekea ule mrija wa shingoni unaotokea kifuani, katheta, huu sasa ni mwezi wa saba anao. Mimi ndo naenda naye, mimi ndo nabeba faili. Kila mwezi wanamtoa damu wananipa karatasi, na kusema ukweli sikuwa nazisoma zote, natazama kreatinini tu, nikiona imeshuka nafurahi naweka kwenye faili. Na imeshuka kweli dada, miezi sita nyuma ilikuwa 980 sasa hivi 610, mpaka tukawa tunaambiana nyumbani kwamba figo zinaanza kurudi, mama alilia kwa furaha. Kolesteroli nayo imeshuka bila hata dawa.

Sasa wiki iliyopita kaka yangu mkubwa akaipiga picha karatasi ya mwisho, akakaa na intaneti usiku kucha, saa nane akanitumia ujumbe mrefu kwamba albumini ya baba ni 29 wakati inatakiwa ifike 40, na CRP ni 46 wakati inatakiwa isizidi 5, na kwamba hivyo viwili ndo madaktari wanavitumia kutabiri nani kwenye mashine atakufa mapema. Akamalizia neno moja tu, "tujiandae". Tangu hapo mimi sili vizuri. Nimechukua za nyuma nikakuta albumini ilikuwa 38, ikaja 37, ikaja 35, halafu ndo hii 29. CRP ilikuwa 8, halafu 11, halafu 46.

Kaka anataka tuombe baba atundikiwe drip ya albumini ipande, na anataka tuchange tulipie vipimo vya kisasa vya kutabiri, sijui interlukini, sijui FGF23, ili tujue ana muda gani. Mwezi uliopita pia baba alisema kifua kizito tukakimbia hospitali, wakapima troponini ikaonekana iko juu, baada ya masaa matatu wakarudia ikawa ileile, wakaturuhusu nyumbani. Kaka anasema ule ni uzembe, troponini juu ni moyo, mi sijui nimwamini nani.

Mengine ni ya kawaida tu. Amechoka, chakula anakisukuma sahani. Kinachonipa moyo ni uzito, uko palepale kilo 62 mwezi wa tano huu, ingawa suruali zinamvuka na mkanda ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Usiku analalia mito miwili. Akiwa kwenye mashine huwa anatetemeka kidogo, kama nusu saa baada ya kuunganishwa hivi, meno yanagongana, namfunika blanketi inapita, niliuliza nikaambiwa ni ubaridi wa mashine. Wiki hii imetokea mara mbili. Homa hana, nilipima ilikuwa 37.4. Na siku moja moja akichoka sana anairuka ile ya mwisho wa wiki.

Baba hajui chochote kuhusu haya majibu. Alikuwa mhasibu maisha yake yote, ana daftari lake anaandika mwenyewe kilo kabla ya mashine na kilo baada ya mashine, kila siku anayoenda, hajaruka hata moja. Ananiuliza majibu yametoka? Namjibu bado. Ameniuliza mara tatu. Karatasi iko kwenye droo ya nguo zangu.

Dada niambie ukweli, ana muda gani? Na nimwambie au nikae kimya?

Binti wa Mhasibu

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma barua yako mara mbili na nakuomba kabla hujaendelea kusoma hapa chini upige simu kule baba anakosafishiwa damu, leo hii, usisubiri siku yake ya mashine. Waambie maneno haya haya: ana katheta mwezi wa saba, ametetemeka meno kugongana nusu saa baada ya kuunganishwa, mara mbili wiki hii, na CRP imeruka mpaka 46. Wakikwambia msubiri mpaka siku yake, mpeleke hospitali ya karibu mchana huu huu. Na kama ameanza kuchanganyikiwa maneno, presha imeshuka, au anahema kwa shida, hapo hata simu usipige, nendeni.

Umepiga? Haya.

Umeandika kurasa na kurasa za namba zinazokutisha, halafu lile la kutetemeka ukaliweka mwishoni na neno "ya kawaida tu", na nakuelewa, mana ndo ulivyoambiwa. Ubaridi wa mashine upo kweli, damu inatoka nje inazunguka kwenye mirija inarudi imepoa kidogo, wagonjwa wengi wanaomba blanketi. Lakini ule ubaridi ni wa kusikia baridi tu muda wote. Kutetemeka kwa meno kugongana kunakoanza akishaunganishwa kisha kukapita, kwa mtu mwenye katheta, tunakuhesabu kuwa ni maambukizi kwenye damu mpaka kipimo kionyeshe vingine. Vijidudu vinajijengea utando ndani ya ule mrija, vimekaa kimya, mashine ikiwashwa damu inapita kwa kasi mle ndani inavikung'uta vinaingia mwilini, mwili unatetemeka. Akitolewa kwenye mashine vinatulia. Ndo mana nyumbani unamwona mzima. Na hiyo 37.4 isikutulize, mtu wa figo, tena mwenye sukari, anaweza kuwa na maambukizi mazito na kipimajoto kikakaa hapo hapo.

Miaka yangu ya mwanzo kwenye chumba cha mashine nilimfunika mama mmoja blanketi mbili, nikamshika na mkono kabisa, nikamwambia itapita mama, na ikapita kweli. Siku ya tatu yake alirudi amebebwa. Alipona, ila alikaa wodini wiki nyingi mana vijidudu vilishafika kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo muulize baba swali moja zaidi, mgongo unamuuma? Maumivu mapya ya mgongo, sio yale ya kukaa kwenye kiti. Jibu lake uwaambie madaktari.

Mkifika, damu itolewe ya kuotesha vijidudu maabara, itolewe kabla hajachomwa antibayotiki, moja kutoka kwenye katheta na ikiwezekana nyingine sehemu nyingine. Hilo la kabla ya antibayotiki uulize kwa upole ila uulize. Na bandeji ya kifuani ifunguliwe watazame pale mrija unapotokea, kama kuna wekundu, gamba la njano, usaha au maumivu akibonyezwa. Pale pakiwa safi bado haimaanishi ndani ni safi.

Sasa tuje kwenye hizo namba, mana kaka yako hajadanganya, ila amesoma nusu.

Ni kweli albumini, ile protini ya damu inayotengenezwa na ini, ni kati ya vipimo vinavyoonyesha sana hali ya mtu wa dayalisisi. Mwaka 1990 huko Marekani, Lowrie na Lew walitoa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 12,000 wa kusafisha damu, wakaona katika vipimo vyote vya maabara hakuna kilichoendana na vifo kama albumini kuwa chini. CRP nayo tafiti nyingi baada ya hapo zimeonyesha hivyo hivyo. Hilo halina ubishi. Lakini wale ni watu elfu kumi na mbili waliwekwa kwenye mafungu. Inakwambia kwenye fungu la wenye albumini ya chini walikufa wengi kuliko fungu la wenye albumini ya juu. Haikwambii baba yako ataishi siku ngapi, na mtu yeyote anayeitazama hiyo 29 akakutajia miezi, mdogo wangu, usimsikilize. Fungu lile la chini lina mtu mwenye saratani, lina mtu ambaye moyo umechoka, na lina mtu mwenye mrija mchafu kifuani ambaye ukitolewa na dawa zikaingia albumini inapanda yenyewe. Karatasi ya maabara inawaandika wote 29.

Ndo mana mimi naangalia safari ya namba zaidi ya namba yenyewe. Na wewe umefanya kitu kikubwa bila kujua, umeandika safari yote. 38, 37, 35, halafu ghafla 29. CRP 8, 11, halafu ghafla 46. Ziangalie pamoja. Mtu anayekonda kwa kutokula tu, albumini hushuka polepole mana albumini ikishatengenezwa inakaa mwilini, nusu yake huchukua kama siku 20 kuisha. Hapa imedondoka palepale CRP iliporuka. Mwili ukiwa vitani ini linaacha kutengeneza albumini kwa wingi, linatengeneza vitu vya vita, na CRP ni mojawapo, na albumini nyingine inavuja kutoka kwenye mishipa inaingia kwenye nyama. Kwa hiyo hizo namba mbili ambazo kaka kazisoma kama hukumu, mi nazisoma kama king'ora. Zinasema kuna kitu kinawaka, kitafuteni. Na wa kwanza kushukiwa ni katheta kwa sababu ya ule mtetemeko. Kama sio yenyewe, basi watazame miguu, mana mtu wa sukari anaweza kuwa na kidonda katikati ya vidole na hana habari, watazame meno na fizi, mapafu, na ile fistula iliyoziba.

Drip ya albumini sasa. Namwelewa kaka, namba iko chini tuipandishe. Lakini ni sawa na kuzima king'ora ukaacha moto. Albumini ya kutundika itaisha na chanzo kipo palepale. Na dayalisisi ina historia chungu ya kufukuza namba. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,233 wa dayalisisi wenye matatizo ya moyo, wengine wakaongezewa damu kwa dawa ya eritropoetini mpaka ifikie kiwango cha mtu mzima wa afya, wengine wakaachwa chini zaidi kidogo. Kila mtu aliamini wa kwanza watafaidika, mana damu kidogo ilishaonekana kuendana na vifo. Ilibidi utafiti usimamishwe kabla ya wakati, kule walikoongezewa ndo mambo yalikuwa yanaelekea kuwa mabaya zaidi. Mpaka leo ndo mana madaktari hawamsukumi mtu wa dayalisisi afikie hemoglobini ya mtu wa kawaida. Kwa hiyo namba inaweza kutabiri vibaya, ukaibadilisha kwa nguvu, na mtu asifaidike.

Kolesteroli hivyo hivyo, na hapa ndo nitakuumiza kidogo, unisamehe. Mtu wa mtaani kolesteroli ikishuka anapongezwa. Mtu wa dayalisisi ikishuka yenyewe bila dawa, sisi tunauliza anakula? Mana mara nyingi ni dalili ya lishe kuporomoka na ya huo huo mwili kuwa vitani. Na kuishusha kwa dawa nako hakukuleta kilichotegemewa, kuna utafiti wa 4D wa mwaka 2005 kwa wagonjwa 1,255 wenye sukari na AURORA wa 2009 kwa wagonjwa 2,776, kolesteroli ilishuka vizuri kwenye karatasi, ila vifo havikupungua kwa maana yoyote. Kama baba anatumia dawa hiyo tangu zamani msiikatishe wenyewe lakini, muulizeni daktari.

Na kreatinini, hii ndo iliyonifanya niirudie barua yako. Naomba umwambie mama taratibu. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Kwa mtu ambaye figo zinafanya kazi, ikishuka ni habari njema. Kwa mtu ambaye figo zimeshafeli na anasafishwa na mashine ratiba ileile, kreatinini ya kabla ya mashine inatuonyesha ana misuli kiasi gani, na tafiti nyingi zimeona wenye kreatinini ya juu kwenye dayalisisi huishi zaidi ya wenye ya chini. Kutoka 980 kwenda 610 kwa miezi sita, bila mkojo kuongezeka, maana yake misuli ya baba inayeyuka. Kama mkojo umeongezeka kweli basi ni hadithi nyingine, wapime mkojo wa masaa 24 waone figo zimebaki na kiasi gani. Umeandika suruali zinamvuka na mkanda ametoboa tundu jipya kwa msumari. Lile tundu limetoa majibu kabla ya maabara.

Sasa uzito. Umesema ndo unaokupa moyo, kilo 62 miezi mitano. Fikiria vizuri, mtu amepungua misuli mpaka katoboa mkanda, ila mizani inasema 62 ileile. Zile kilo zilizoondoka, nafasi yake imechukuliwa na nini? Maji. Kuna ule uzito wanauita uzito mkavu, ndo ule ambao mashine inalenga kumfikisha akimaliza. Ulipangwa wakati ana nyama. Nyama zimeondoka, lengo halijabadilishwa, kwa hiyo kila wiki anaondoka kwenye mashine na maji ya ziada ambayo hayaonekani kwenye mizani, yanaonekana kwenye mito miwili anayolalia usiku. Na maji hayo hayo yanaipoza albumini pia, yanaizimua. Waombe waupange upya uzito mkavu, wamsikilize mapafu, wamtazame miguu, na wamshushe polepole sio siku moja, mana wakimvuta haraka presha itaanguka na misuli itakaza.

Hilo linanipeleka kwenye troponini, ile protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia. Pale hospitali sioni uzembe kwa ulivyoeleza. Wagonjwa wengi wa dayalisisi wana troponini iliyo juu siku zote bila shambulio la moyo, ndo mana walirudia baada ya masaa matatu, walikuwa wanatafuta kama inapanda au inashuka. Shambulio linaisogeza. Ilipobaki ileile wakajua huenda ndo kawaida yake. Lakini kawaida yake sio sawa na salama, troponini inayokaa juu inasema moyo unabeba mzigo, na huko Marekani tangu 2004 mamlaka yao ya dawa iliruhusu troponini T itumike kupima hatari kwa wagonjwa wa dayalisisi. Kwa baba yako mzigo mmojawapo nimeshautaja, maji. Ombeni apigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ifanyike siku ambayo ametoka kusafishwa sio siku kajaa maji. Na ile namba ya troponini iandikeni mahali, siku nyingine kifua kikibana daktari wa zamu atahitaji kuilinganisha. Kifua kikibana tena mnakimbia vilevile, msiseme aah ya baba iko juu kila siku.

Hivyo vipimo vya kisasa kaka anavyotaka mchangie, mi nasema hela iacheni. Interlukini 6 inatabiri vizuri kweli, FGF23 nayo imeonekana kuendana na vifo kwa wanaoanza dayalisisi. Ila jiulizeni, majibu yakija ya juu mtafanya nini tofauti na haya niliyoandika hapa? Hakuna. Interlukini 6 ndo hasa inayoliamuru ini litoe CRP, na CRP mnayo tayari kwenye droo ya nguo. Kipimo nachoona kinafaa kurudiwa ni CRP na albumini zenyewe baada ya matibabu, maabara ileile, damu itolewe kabla hajaunganishwa, mana maabara tofauti zinatumia njia tofauti kupima albumini na inaweza kushuka pointi kadhaa kwa kuhama maabara tu. CRP ndo itatangulia kushuka, ndani ya siku chache kama dawa zimeshika. Albumini itachelewa wiki kadhaa, msikate tamaa mkiiona bado iko 31.

Ile ya kuruka siku ya mwisho wa wiki, hapana. Hapa sibembelezi. Ratiba ya mara tatu tayari ina pengo moja refu la siku mbili, na utafiti wa wagonjwa zaidi ya 32,000 uliochapishwa 2011 uliona vifo na kulazwa kwa moyo vinaongezeka siku ile baada ya pengo refu. Akiruka anaongeza pengo juu ya pengo, potasiamu inapanda na maji yanajaa, na potasiamu ikipanda mara nyingi haikupi onyo, moyo unaweza kusimama tu. Akichoka sana mwende hivyo hivyo mkawaambie amechoka, wanaweza kubadili kitu kwenye mashine.

Chakula asilazimishwe saa hizi, mtu mwenye moto mwilini hamu haiji. Maambukizi yakitulia ndo mkae na mtu wa lishe anayejua figo, mana mgonjwa wa dayalisisi anahitaji protini nyingi kuliko alivyokuwa akikatazwa kabla ya mashine, nyama, samaki, mayai, na familia nyingi zinaendelea na yale makatazo ya zamani bila kujua. Na muulizeni daktari kuhusu fistula mpya. Katheta haikukusudiwa iwe makazi, na damu yake haitatulia vizuri huku mrija umekaa kifuani mwaka mzima.

Umeniuliza ana muda gani. Sijui, na hata angekuwa amekaa mbele yangu nisingekutajia namba. Nachoweza kukwambia ni kwamba katika karatasi ile kuna mambo matatu yanayoweza kurekebishwa, maambukizi, maji na lishe, na bado hamjagusa hata moja. Mkishayashughulikia, tuseme ndani ya miezi miwili mitatu, na CRP bado iko juu, misuli bado inaisha, analala muda mwingi kuliko kukaa, hapo ndo mnamwomba daktari mazungumzo ya peke yenu pamoja na baba, kuhusu anataka nini na hataki nini. Kuna swali madaktari wa figo wanajiuliza wenyewe, nitashangaa huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Mnaweza kumuuliza, wengi wanajibu kwa ukweli wakiulizwa moja kwa moja.

Pamoja na baba, nimesema. Mana ni damu yake. Najua umeificha kwa mapenzi, sikulaumu, mi mwenyewe nimeona watoto wakinikonyeza nyuma ya kiti cha mzazi nisiseme. Ila huyu ni mtu aliyekaa na hesabu maisha yake yote, anaandika kilo zake kabla na baada bila kuruka hata siku moja, akikuuliza mara tatu ujue ameshahisi. Anayetetemeka ni yeye, anayetoboa mkanda ni yeye. Anza kwa kumuuliza, baba unataka kujua kila kitu au unataka mimi na daktari tushughulikie? Akisema hataki kujua, muheshimu. Sidhani atasema hivyo. Kisha umweleze kwa mpangilio huu, kuna namba inaonyesha mwili una moto, tunadhani ni mrija, ndo mana tunaenda hospitali leo. Hiyo ndo sababu na ndo ukweli, huna haja ya kumsomea ujumbe wa kaka. Na umwambie kwamba zilikuwa kwenye droo. Atakasirika kidogo, mwache akasirike.

Mkirudi, au hata mkiwa wodini, mpe zile karatasi zote sita na daftari lake. Mwombe achore safu tatu mpya pembeni ya zile za kilo, albumini, CRP na kreatinini, aanzie ile ya miezi sita nyuma. Halafu kaka naye aje aone ameandika nini. Niandikie damu iliyooteshwa ikitoa majibu, nasubiri.